Wakati Kazi Inakufuata Mpaka Nyumbani

Kuna mzigo mmoja ambao walinzi wa mlango wa kampuni hawawezi kuupekua. Mfanyakazi anapotoka kazini wanaangalia mfuko wake, wanaangalia viatu, wanafungua hata kopo yake ya chakula. Lakini mzigo huo anapita nao mbele yao, anapanda nao basi, anaingia nao mu nyumba. Ni masumbuko ya kazi.

Unaujua kwa alama zake. Baba anaketi mbele ya bukari na sombe, lakini hasikii njaa. Mtoto anaangusha kikombe, baba anapiga kelele sawa vile nyumba inaungua. Usiku anageuka-geuka kitandani, moyo unapiga mbio, na asubuhi anaamka mwenye kuchoka kuliko alivyolala. Mama anauliza: "Baba, kuko nini?" Anajibu: "Hakuna kitu. Munilekeye tu."

Si wababa peke yao. Kuna mama mwalimu anayefundisha watoto wengi mu chumba kimoja, na mama muuzaji ambaye bidhaa yake imeoza na deni lake halijaisha. Kuna kijana wa kampuni ya sutretansi ambaye kontra yake ni ya miezi mitatu, na kila mwisho wa mwezi wa tatu hapati usingizi. Juu yao wote tunataka kuzungumza mwezi huu: namna gani mtu anaweza kutuliza mwili na moyo wake kwa njia za kawaida, zisizoomba feza nyingi?

WOGA WETU UNA SABABU

Wengine wanasema kwamba mtu wa imani hawezi kuwa na wasiwasi. Tusidanganyane. Huku kwetu mu inchi ya shaba na kobalti, woga hautoki mu hewa. Wazee wa Kolwezi wanakumbuka mwaka wa 1990, wakati sehemu ya mgodi wa chini wa Kamoto ilibomoka. Wanakumbuka tena 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kazini kwa mpango ulioitwa "kuondoka kwa kupenda". Wengi wao hawakupenda. Walichoka kungojea mishahara isiyokuja. Na vijana wanakumbuka Juni 2019, wakati udongo uliangukia wachimbaji karibu na Kolwezi na zaidi ya watu 40 wakafa.

Tena kuna mambo yanayoamuliwa mbali. Bei ya kobalti ikianguka ku masoko ya inje, mtu wa Fungurume anasikia baridi. Mu Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti inje ya inchi, na tangu Oktoba mwaka ule ikaweka kipimo kwa kila kampuni. Wakubwa walizungumza juu ya tani na bei. Lakini mu nyumba za wafanyakazi ulizo lilikuwa moja tu: "Na sisi, kazi yetu itakuwa namna gani?"

Kwa hiyo usimchekelee mwenye wasiwasi, wala usimwambie kwamba imani yake ni ndogo. Kwanza umusikilize.

NINI INAFANYIKA MU MWILI?

Wewe unatembea mu pori, unaona nyoka mbele ya mguu wako. Mara moja moyo unapiga mbio, pumzi inakuwa fupi, misuli inakaza, usingizi wote unakimbia. Ni dawa mbili za ndani ya mwili, adrenalini na kortisoli, ambazo Muumba aliziweka kusudi uruke ao ukimbie. Nyoka akienda zake, baada ya muda kidogo mwili unarudi mu utulivu.

Munganga Hans Selye, aliyefanya kazi Montréal mu inchi ya Kanada, aliandika mu mwaka wa 1936 kwamba mwili unajibu kwa namna moja mbele ya shida za namna mbalimbali: baridi, kidonda, kuchoka kupita kiasi. Na hapa ndipo taabu yetu ilipo. Shefu mwenye kutukana, deni la banki lambert lenye riba ya kuongezeka, kontra yenye kuisha: mwili unazihesabu zote kuwa nyoka. Lakini nyoka huyu haendi zake. Analala nawe, anaamka nawe. Basi mwili unakaa tayari kukimbia usiku na mchana, na mwisho unalipa: kichwa, tumbo, damu kupanda, usingizi kupotea, hasira bila sababu.

Mu mwaka wa 2021 Shirika la Afya la Ulimwengu na Shirika la Kazi la Ulimwengu walitangaza hesabu yao. Kwa mtu anayefanya kazi saa 55 ao zaidi kwa juma, hatari ya kupigwa na kiharusi inapanda kwa 35 juu ya mia, kuliko yule wa saa 35 mpaka 40. Walihesabu kwamba mu mwaka wa 2016 watu karibu 745.000 walikufa kwa kiharusi ao ugonjwa wa moyo uliohusika na saa nyingi za kazi. Kumbe kuchoka si uvivu. Kuchoka kunaweza kuua.

USIMTAFUTE MULOZI

Hapa nataka kusema wazi. Mtu halali juma mbili, moyo unapiga, anaota ndoto mbaya. Jirani anamwambia: "Kuko mutu ku kazi mwenye wivu. Amekufanyia dawa." Naye anaanza kumwangalia mwenzake wa ekipi kwa jicho baya. Ao, mbaya zaidi, familia inageukia mtoto mu nyumba: eti baba amepoteza kazi sababu ya mtoto huyu.

Ndugu, sheria ya inchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya kulinda mtoto inaadhibu mtu anayemshitaki mtoto kuwa mulozi. Lakini hata kama sheria isingekuwa, fikiri mwenyewe: mtu aliyefanya zamu nyingi za usiku mfululizo na kulala saa tatu tu kila mchana, anahitaji mulozi gani tena ili moyo wake upige mbio? Anza na kuhesabu saa za usingizi mbele ya kuhesabu maadui.

TUJIFUNZE KWA ELIA

Soma 1 Wafalme 19. Nabii Elia alikuwa mtu mwenye nguvu. Lakini Yezebeli alipotaka kumuua, alikimbia mu jangwa, akaketi chini ya mti na kuomba afe. Mungu alimufanyia nini? Hakumukemea, wala hakumuagiza afunge chakula. Alimuacha alale. Kisha malaika alimuamsha, na tazama, mkate na maji. Akala, akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala. Kisha alitembea safari ndefu. Kisha Mungu alimuuliza na kumuacha aseme yote yaliyo mu moyo. Na mwisho alimupa mwenzake wa kazi, Elisha.

Usingizi, chakula, maji, kutembea, kusema, kusaidiwa. Hakuna hata kimoja kinachouzwa mu farmasi. Tufuate basi njia hizo, moja moja.

1. PUMZI

Unaweza kujaribu hii leo. Keti, mgongo uwe sawa. Vuta hewa kwa pua polepole, huku ukihesabu mpaka 4. Toa hewa polepole zaidi, ukihesabu mpaka 6. Fanya vile kwa dakika tano. Wakati wa kutoa hewa, moyo unapunguza mwendo wake, kwa hiyo pumzi ndefu ya kutoa ni sawa na kuuambia mwili: "Nyoka amekwenda." Usifanye mazoezi haya mahali pa vumbi ya mawe, wala usiondoe kifuniko cha pua ili kuyafanya. Ngojea upate mahali penye hewa safi: ku mlango, mu basi, ao nyumbani mbele ya kuingia.

2. MISULI

Munganga Edmund Jacobson, wa Marekani, aliandika kitabu mu mwaka wa 1929 juu ya namna ya kulegeza misuli. Aliona kwamba mtu mwenye wasiwasi anakaza mwili bila kujua. Fanya hivi: kunja ngumi kwa nguvu, hesabu mpaka 5, kisha achilia na hesabu mpaka 15. Fanya vile na mikono, mabega, uso, tumbo, miguu. Fuata mwili wote, toka juu mpaka chini. Watu wengi wanasinzia mbele ya kufika ku miguu.

3. USINGIZI

Watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, walionyesha mu mwaka wa 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi vibaya sawa na mtu aliyekunywa pombe. Akifikisha saa 24, ni kama amelewa kabisa. Fikiri sasa dereva wa kamio kubwa la mgodi. Hawezi kukubali kunywa bia mbele ya zamu, lakini anaendesha bila kulala na anaona ni kawaida!

Wewe wa posti ya usiku, weka kitambaa cheusi ku dirisha. Oga, kula kidogo, ingia kitandani mara moja mbele jua halijakuamsha kabisa. Zima simu. Kahawa inakaa mu mwili saa nyingi, basi usiinywe mu saa sita za mwisho mbele ya kulala. Na mbele ya kwenda kazini jioni, lala tena kidogo, hata dakika 20.

Ninyi wamama na watoto, na majirani pia, musaidie. Mtu wa usiku akilala saa nne ya asubuhi, si mvivu. Punguzeni redio. Mashauri ya karo na ya ukoo yangojee aamke.

Na sisi wa kanisa tujipime. Mkesha wa maombi ni mzuri. Lakini kumulazimisha ndugu anayeendesha mashini kesho saa kumi na mbili akeshe nasi mpaka asubuhi, si upendo. Mungu aliyemuacha Elia alale hatakasirika tukimuambia ndugu huyu: "Wewe uende ulale, sisi tutaomba juu yako."

4. KUTEMBEA NA BUSTANI

Wewe unayeketi siku nzima, mu ofisi ao mu mashini, shuka kituo kimoja mbele ya kwako, umalize njia kwa miguu. Mwili uliotayarishwa kukimbia unataka kutembea ili utulie. Utasema: "Mimi nabeba mawe siku nzima, nitembee tena?" Hapana. Wewe unahitaji kupumzika, kunywa maji mengi na kula vizuri. Dawa ya mmoja si ya mwengine.

Bustani nayo inasaidia. Mtu akipalilia matembele nyuma ya nyumba, ao akipanda mahindi mvua ya kwanza inapoanguka, mikono yake inafanya kazi lakini hakuna anayemupigia kelele. Anaona kitu kinakua. Lakini kama nyumba yenu iko karibu na mtambo ao maji yanayotoka mgodini, muulizeni kwanza mtu wa afya mbele ya kulima mboga pale, sababu udongo unaweza kuwa na sumu.

Jioni, badala ya kahawa, chemsha majani ya sinda. Haiponyeshe ugonjwa, tusidanganye watu. Lakini ni kinywaji cha moto kisichofukuza usingizi, na robo saa ya kuketi pamoja na mama, mukikinywa polepole, ni dawa yenyewe.

5. KUSEMA

Wanaume wa mgodi walifundishwa kunyamaza. Lakini deni linalofichwa kwa mama linazaa deni lingine. Kijana anayechukua banki lambert kwa siri, riba inapanda kila mwezi. Atalala namna gani? Mwambie mama. Andikeni pamoja ku karatasi: feza inayoingia, feza inayotoka, wenye kutudai. Woga ulioandikwa ku karatasi unakuwa mdogo kuliko woga unaozunguka mu kichwa. Wengi wamelipa kidogo kidogo kwa njia ya likelemba ya watu waaminifu.

Na wewe mama, akisema, usimujibu haraka, "Nilikuambia!" Siku ile hatasema tena.

DAWA ZA UONGO

Lutuku inaleta usingizi, ndiyo. Lakini pombe inavunja usingizi mu nusu ya pili ya usiku, na mtu anaamka saa tisa, moyo unapiga kuliko mbele. Tena hakuna anayejua kilicho mu chupa ile. Vinywaji vya "nguvu" vina kafeini: vinakopesha nguvu ya leo na kuilipisha kesho.

Vidonge vya Valium vinavyouzwa moja moja ku farmasi ya njia si peremende. Mwili unavizoea, kisha unavidai. Ukichanganya na pombe, pumzi inaweza kusimama. Kama munganga alikuandikia, mfuate. Kama unavitumia tangu zamani, usiache kwa siku moja. Mwone munganga akupunguzie polepole.

MAMBO YA KAZINI YATENGENEZWE KAZINI

Pumzi na bustani havitoshi kama mzigo wenyewe ni mkubwa mno. Mu Kutoka 18, Yetro alimwona Musa akihukumu watu toka asubuhi mpaka jioni. Hakumuambia tu avumilie. Alimuambia kwamba atachoka yeye pamoja na watu wote, na kwamba agawanye kazi kwa wakubwa wa elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Yetro hakubadilisha moyo wa Musa. Alibadilisha mpango wa kazi.

Sheria ya kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002 inaweka mpaka wa saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma; saa zinazopita pale zina malipo ya kuongezwa. Basi andika saa zako mu kitabu kidogo. Peleka neno kwa sendika, kwa heshima, pamoja na wenzako, si peke yako na hasira. Na wewe ndugu uliye shefu, unayeketi ku kiti cha mbele siku ya Yenga: watu wako kumi wanaenda nyumbani na sauti yako mu masikio. Watoto wao wanaisikia pia, ijapo hawakujui.

KWENU VIJANA

Musidharau wasiwasi wenu eti ni wa wazee tu. Kijana aliyemaliza masomo na kukaa miaka miwili bila kazi anabeba mzigo pia. Weka saa ya kuamka hata kama hakuna anayekungojea. Jifunze ufundi mmoja. Cheza mpira. Usiangalie simu mpaka usiku wa manane ukipima maisha yako na picha za wengine.

WAKATI GANI KWENDA KWA MUNGANGA?

Nenda mara moja kama kifua kinauma na maumivu yanapita ku mkono ao ku taya, kama upande mmoja wa mwili unakufa ganzi, ao maneno yanavurugika. Nenda pia kama kwa juma mbili hulali, huli, na hakuna kinachokufurahisha. Pimisha damu yako, hata kama unajisikia vizuri, sababu damu inaweza kupanda bila alama. Na kama wazo linakuja kwamba afazali kufa, usikae peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mtu leo: mke, ndugu, munganga, mchungaji. Elia alisema neno hilo, na hakufukuzwa. Alipewa chakula.

KWA MAZUNGUMZO NYUMBANI

1. Kila mmoja wetu analala saa ngapi? Tunaweza kubadilisha nini ili aliye wa zamu ya usiku alale vizuri?

2. Kuna deni ao woga gani ambao mmoja wetu anabeba peke yake?

3. Mu familia yetu ao mu kanisa, kuna mtu aliyeshitakiwa kuwa mulozi wakati wa taabu? Tutamurudisha namna gani?

4. Nani kati yetu anachoka kuliko wengine? Tunaweza kumutolea kazi gani juma hili?

Ulizo la nne, wababa, waachieni watoto walijibu kwanza. Mara nyingi watamtaja mama.